Chungu Kisicho na Chumvi

Bakuli la uji lilikuwa tupu.

Somoe alisimama mlangoni, kijiko mkononi, akalitazama bakuli lile juu ya kigoda kando ya kitanda cha baba yake. Alichokihisi kwanza hakikuwa woga, kilikuwa hasira. Alikuwa ametoka kuteka ndoo moja tu ya maji. Uji aliuacha umejaa, unafuka moshi, ili upoe kabla hajarudi kumlisha mgonjwa. Sasa hata utandu wa pembeni haukuwapo, bakuli lilikuwa limerambwa mpaka linang'aa.

"Paka wa watu huyo," alisema peke yake, kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu alfajiri. "Hata uji usio na chumvi anaiba! Njaa gani hiyo?"

Mzee Mwinshehe alilala chali. Jicho lake la kushoto lilimkodolea binti yake huku likitiririka machozi. Jicho la kulia, ambalo tangu kiharusi kimpige lilikuwa halifumbi vizuri wala halitazami popote, siku hiyo lilikuwa limefumba kwa raha kama la mtu aliyeshiba. Kwenye pembe ya kulia ya mdomo palikuwa na uji kidogo. Somoe aliufuta kwa ncha ya kanga, akashusha pumzi, akarudi jikoni kukoroga mwingine.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, huko Mtoni, nyumba ya makuti isiyo mbali na Barabara ya Kilwa. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu mzee yule, fundi wa kutia nakshi shingo za kanzu, aanguke barazani sindano ikiwa kidoleni. Upande mzima wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, na ulimi uliokuwa ukitaniana na kila apitaye njiani ukabaki kutoa mlio mmoja tu: "Aaa." Hospitali ya mjini walimlaza siku tisa, kisha wakasema aende kwao akauguzwe. Akauguzwe na nani? Hilo hawakuuliza, kwa kuwa kila mtu alikwishamtazama Somoe.

Dresa mmoja, msaidizi wa daktari, aitwaye Adelard, Mhaya mpole mwenye baiskeli, ndiye aliyekuwa akija kila Alhamisi. Alimfundisha Somoe kazi yote: kumgeuza mzee kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, kumkanda mkono na mguu, kumkunja na kumkunjua vidole kimoja kimoja, kumkalisha wima wakati wa kumlisha asije akapaliwa.

"Na chumvi, dada, hapana," alisema. "Hata punje. Damu yake inapanda. Chumvi itampasua mshipa mwingine."

Somoe alishika. Wiki ya kwanza alipika vyungu viwili, cha mgonjwa na chake. Wiki ya pili mgongo ulikuwa unamuuma, mikono imechubuka kwa kufua matambara, na kuni zenyewe za kutafuta. Akaona taabu yote hiyo ya nini. Akapika chungu kimoja, akala na baba yake mchicha usio na ladha na samaki wa kuchemsha asiye na ladha. Ijumaa wifi yake Mwanaheri, mke wa kaka yake, alikuja kutoka Ilala na buibui linalonukia karafuu maiti, akafunua chungu, akaonja, akatema.

"Mwenyewe unakula hiki? Chungu cha pili tu kinakushinda, wifi? Ama kweli uvivu hauna dawa."

Somoe alimeza maneno yaliyomjia, na yalikuwa mengi. Tangu siku hiyo kila alipoulizwa alisema anapika vyungu viwili. Lakini aliendelea kupika kimoja.

Mgonjwa wa kiharusi ana bahati moja, hakosi washauri. Huyu alileta habari ya mafuta ya nyonyo, yule alisema asali, mwingine alisema mzee amepitiwa na upepo mbaya, azungushiwe kuku mweusi. Kila mtu alikuja na dawa mdomoni, hakuna aliyekuja na sabuni mkononi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wa kale, na Somoe aliuhisi usufi ule ukimvunja kiuno.

Nalo lililomuuma zaidi ni hili. Somoe alikuwa na miaka thelathini na minne, ameachika miaka sita, na mwaka huo alikuwa amepata mtu. Jabiri, seremala wa Keko, mjane mwenye maneno machache na mikono mikubwa, alileta posa. Mzee Mwinshehe aliikubali kwa kinywa chake mwenyewe, akacheka, akasema ataishona kanzu ya bwana harusi. Siku kumi baadaye kinywa kile kikapinda. Na bila walii, msimamizi wa bibi harusi, kutamka "nimekuozesha," ndoa hakuna.

"Sheikh amesema baba akishindwa kutamka, walii ni wewe," Somoe alimwambia kaka yake Mwinjuma, aliyekuwa nyapara wa makuli bandarini, siku alipofika kumwona mgonjwa na kofia mkononi kama mgeni.

"Baba yu hai na akili anazo," alijibu Mwinjuma. "Mie nikimruka nitakuwa nimemzika naye angali anapumua. Tusubiri apone. Subira yavuta heri, dada yangu."

"Subira yangu au yako? Wewe unalala Ilala. Mie ndo ninayemgeuza!"

"Sasa ukiolewa nani atamgeuza?"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia, akatazama pembeni. Somoe naye akajua sasa sababu ya kusubirishwa. Kwenda kwa kadhi kumshitaki ndugu yake wa tumbo moja alikuona ni kujivua nguo sokoni. Ilibaki njia moja tu, baba aseme. Basi akaufuata ulimi ule kama mtu anayefukua kisima. Kila asubuhi alimkalisha mzee, akamwambia, "Baba, sema: ni-me-ku-o-ze-sha." Na kila asubuhi mzee alijibu, "Aaa," mate yakimtoka.

Ndipo lile bakuli likakutwa tupu, na baada ya hapo mambo yakaanza kwenda mbele.

Siku ya tatu, adhuhuri, jua la utosi, saa ambayo Mtoni nzima hunyamaza na hata kunguru hujificha, Somoe akiwa uani alisikia vidole vikigonga ubao wa kitanda. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena, taratibu, kama mtu anayesubiri aletewe chakula. Alikimbilia ndani. Mkono wa kulia wa mzee, uliokuwa umelala miezi miwili kama kitambaa kilichosahauliwa, ulikuwa ukigonga.

Somoe alipiga magoti akaubusu mkono ule akilia. Ulikuwa na joto, joto zaidi ya mkono wa mgonjwa, na ulinukia udi. Hakuna udi uliofukizwa ndani ya nyumba ile tangu mwezi wa Ramadhani. Lakini mtu akiwa na furaha haulizi harufu imetoka wapi.

Jambo lililomkera ni upande wa kushoto. Upande ule mzima, uliokuwa ukimtii mzee, sasa ulianza ukorofi. Kila alipoletewa chakula, mkono wa kushoto ulilipiga bakuli teke, yaani ungekuwa mguu ungelipiga teke. Uji ulimwagika kitandani, shuka lililokaushwa jana likawa la kufuliwa leo. Akitiwa chakula pembe ya kushoto ya mdomo, alitema. Akitiwa pembe ya kulia, kilikwenda chote, upesi, kwa sauti ya kufyonza.

"Baba, mie nimechoka!" Somoe alipiga kelele siku moja, uji ukimchuruzika kifuani. "Hutaki kupona? Hutaki niolewe? Sema basi kama hutaki!"

Jicho la kushoto lilimtazama, likatazama bakuli, likamtazama tena. "Aaa," alisema mzee. "Aaa, aaa!" Somoe hakuelewa, na kwa kweli hakuwa na nafasi ya kuelewa. Alichukua kanga kuukuu, akaufunga mkono wa kushoto wa baba yake kwenye mbao za kitanda, akamlisha pembe ya kulia mpaka bakuli likaisha. Mkono wa kulia uliinuka wenyewe, ukampapasa shavu. Somoe alitoka nje akakaa kwenye kinu, akajiona ni mtu mbaya kuliko wote wa Temeke.

Alhamisi dresa Adelard alikuja. Aliuminya mkono wa kulia, na mkono ukamminya yeye mpaka akakunja uso.

"Dada, hii ni ajabu. Una nguvu kuliko wangu." Kisha akapapasa mguu wa kulia. Mguu ulikuwa baridi na mfu kama zamani. Akashika kifundo cha mkono wa kushoto wa mzee, akatoa saa yake mfukoni, akahesabu mapigo. Akahamia kifundo cha kulia, akahesabu. Akarudi kushoto. Akarudi kulia. Jasho lilimtoka puani.

"Kuna nini?" aliuliza Somoe.

"Mtu ana moyo mmoja," alisema Adelard polepole, "na mapigo yake ni yale yale, ushike huku au kule. Hapa kushoto yanakwenda ya mzee. Hapa kulia..." Aliinama akaiweka saa sikioni. "Saa yangu imeharibika, dada. Lazima imeharibika."

Alifunga mkoba wake bila kuaga sawasawa, akapanda baiskeli. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Neno la kwanza lilikuja magharibi, adhana ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, Somoe akiwa anawasha kandili, amempa mzee mgongo. "Ni-me-ku-o-ze-sha," alikuwa akisema kwa mazoea tu, bila kutazama, kama mtu anayemwita mbuzi, na nyuma yake sauti ikamjibu: "Somoe."

Aligeuka. Mdomo wa baba yake ulikuwa umefunguka upande wa kulia tu, upande wa kushoto umebanwa kwa nguvu hata meno yanasagika, na kutoka kwenye ule upenyo wa kulia, ambapo hapakuwa na mdomo uliochezacheza wala ulimi ulioonekana, ilitoka sauti nzito, nyororo, isiyo na ukongwe hata chembe, sauti ya mwanamume aliye katika nguvu zake, ikasema tena, bila haraka, "Somoe wangu," na chumba chote kikajaa harufu ya udi na nyuma ya udi harufu ya nywele zilizobabuka, na jicho la kulia likafumbuka na kumtazama kuanzia unyayoni, likapanda, likafika usoni, likatulia.

Baba yake maisha yake yote alimwita "mama," kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi. Hajapata hata siku moja kumwita Somoe.

Alijua, basi. Wasimulizi wengine watakwambia hakujua. Mimi nakwambia alijua, palepale, kandili mkononi. Lakini alikuwa ameusubiri ulimi ule miezi miwili na nusu, na ulimi ulikuwa umefika. Alikaa kitako mbali kidogo na kitanda, akasema kwa sauti ndogo, "Sema: nimekuozesha."

"Nimekuozesha," ilisema sauti, safi, bila kukwama, na upande wa kulia wa uso ukatabasamu.

Kesho yake alimpelekea habari Jabiri, na akamtumia Mwinjuma ujumbe bandarini kwamba baba anasema, sasa hana kisingizio, akad ya ndoa ni Ijumaa baada ya alasiri. Lakini mguu wake wa kurudi nyumbani haukumpeleka nyumbani. Ulimpeleka kwa Bi Mwanaasha, fundi wa pepo, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, aliyekuwa barazani kwake anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyie hunijia mkishachelewa. Haya, sema."

Somoe alisema yote: mkono, sauti, mapigo mawili, harufu. Bi Mwanaasha hakuacha kusuka.

"Anakula nini?"

"Anachokula mgonjwa tu, bibi. Uji, mchicha, samaki. Bila chumvi, amekatazwa hospitali."

Ukili ulisimama. "Tangu lini?"

"Siku sitini na kitu."

"Mtoto wewe!" Bi Mwanaasha alipiga paja. "Chakula kisicho na chumvi anaandaliwa nani? Tunapowapikia wenyewe, majini, tunatia chumvi sisi? Mwili wa mtu umebaki nusu mtupu, mlango wazi, na wewe kutwa mara tatu unamtandikia mgeni sahani yake, hutii chumvi, unamlisha kwa kijiko, unamkanda kwa mafuta! Atakosaje kuhamia? Mie ningekuwa jini ningehamia kwako."

"Hospitali wamesema chumvi itamuua."

"Hospitali wanajua habari ya damu, na wamesema kweli. Habari hii hawaijui. Tia punje tatu, haziui mtu. Tia leo. Ataondoka."

"Na ulimi?"

"Ulimi ni wake. Ataondoka nao."

Somoe alitazama vidole vyake vilivyochubuka. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. "Nitatia Jumamosi," alisema.

Bi Mwanaasha alimtazama kwa muda mrefu, hasira zikamtoka, na hilo ndilo lililomtisha Somoe zaidi. "Mwanangu, utaozeshwa na nani hiyo Ijumaa? Umejiuliza?" Aliingia ndani, akatoka na chumvi ya mawe, akamfungia kwenye pindo la kanga. "Chukua. Na sikiliza sana. Chumvi hii isitiwe na mkono wa mtu aliyekula naye chungu kimoja. Huyo ni wake kama mgonjwa alivyo wake, atahama hapa aende pale. Nani mwingine anakula chungu hicho?"

Somoe alimwona akilini wifi yake akitema jikoni. Uvivu hauna dawa. Aliona aibu, aibu ndogo tu, ya jikoni.

"Hakuna, bibi," alisema. "Napika vyungu viwili."

Ijumaa ilifika. Sheikh alikaa mkekani kando ya kitanda, Jabiri akakaa mbele yake amevaa kanzu nyeupe, Mwinjuma na mashahidi wawili wakajipanga ukutani. Somoe alikuwa nyuma ya pazia na Mwanaheri, amejitanda. Asubuhi alikuwa amemfungua baba yake mkono wa kushoto kwa ajili ya wageni, na mkono ule haukupigana tena, ulilala tu. Hilo nalo lilimchoma, hakujua kwa nini.

"Mzee Mwinshehe, shika mkono wa bwana harusi," alisema Sheikh. Mkono wa kulia uliinuka ukaushika mkono wa Jabiri, na watu ukutani wakasema Alhamdulillahi. "Sema: nimekuozesha binti yangu Somoe kwa mahari mliyokubaliana."

Inzi mmoja alipita. Kisha ile sauti nzito na nyororo ikasema, "Siozi."

"Baba!" Somoe alishtuka nyuma ya pazia.

"Sisi hatuozi wake zetu," ilisema sauti, na Mwinjuma akaiachia tasbihi kwa kuwa alijua, hata yeye aliyekuja mara moja kwa wiki, kwamba huyo hakuwa baba yake, "huyu amenipikia, amenilisha, amenikanda, amekula nami chungu kimoja siku hamsini na saba, mtu anamtaka nini mwanamke zaidi ya hayo, na wewe seremala umempa nini?" na hapo mkono ukaanza kubana. Jabiri alijaribu kujivuta, akashindwa, mikono yake mikubwa iliyozoea randa na msumeno ikawa ya mtoto katika mkono ule wa mzee wa miaka sabini, mifupa ikalia kama vijiti vikavu, Jabiri akaanguka magotini akipiga ukelele, Sheikh akasoma kwa sauti ya juu, na kadiri alivyosoma ndivyo mkono ulivyobana, na udi ukajaa chumbani hata mashahidi wakakohoa na kupapasa njia ya mlango, na Mwinjuma, nyapara wa makuli sitini, akabaki amegandamana na ukuta akisema, "Baba, baba, baba."

Somoe alipasua pazia. Maneno ya Bi Mwanaasha aliyakumbuka yote, tena neno kwa neno. Alitazama huku na huku amtafute mtu wa kumpa ile chumvi, mtu yeyote mwenye mkono safi, na hakuona ila migongo ya watu wanaokimbia na kaka yake anayetetemeka. "Mwinjuma, shika! Mtie!" alimpigia kelele, akimsukumia pindo la kanga. Mwinjuma alitikisa kichwa. Mfupa mwingine ukalia mkononi mwa Jabiri. Basi Somoe akafungua pindo kwa meno, akajaza chumvi kiganja chake cha kulia, akaisukuma yote katika upenyo wa kulia wa mdomo wa baba yake.

Meno yalifunga juu ya vidole vyake. Hayakumuuma. Yalivishika tu, kwa upole, kama mtu anayeshika kitu chake, kwa muda wa pumzi tatu. Kisha yakaachia, mkono wa kulia ukaanguka kitandani, udi ukakatika, na Mzee Mwinshehe akaanza kukohoa na kutema chumvi kwa mdomo wake uliopinda, akilia kwa jicho moja, "Aaa, aaa."

Bi Mwanaasha aliitwa. Alifukiza, akanyunyiza maji ya kombe yaliyooshewa maandishi ya aya, akaushika mkono wa mzee akautikisa. Ulining'inia, mfu.

"Ametoka," alisema. "Nani aliyemtia chumvi?"

"Mie," alisema Somoe.

"Wewe! Na kile chungu hukukila?"

Mwanaheri alikuwa amesimama palepale, buibui limemteleza, macho yamemtoka. Somoe alichoka kuulizwa, alichoka kutazamwa, alichoka na nyumba ile yote.

"Nimeshasema sikukila. Mara ngapi mtaniuliza?"

Mwinjuma, midomo imemkauka, hakusubiri kubembelezwa tena. Palepale, kabla ya magharibi, alimshika Jabiri mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umevimba, Sheikh akawaruhusu kwa dharura, akasema, "Nimekuozesha dada yangu Somoe," kwa pumzi moja. Jabiri akasema amekubali. Mwanaheri ndiye atakayemwangalia mzee; Mwinjuma alilisema mwenyewe, wala hakumtazama mkewe usoni. Kilichohitajika siku zote kumbe ni woga.

Jumapili Jabiri alikuja kumchukua mkewe. Somoe aliinama kumuaga baba yake, na mkono wa kushoto wa mzee ukamdaka kifundo cha mkono wa kulia, ukakishika kwa nguvu zote zilizobaki. Jicho la kushoto lilitazama mkono ule, likamtazama yeye, likarudi mkononi. "Aaa," alisema mzee. "Aaa! Aaa!"

"Baba, nitakuja kila Ijumaa. Wifi atakugeuza, nimemfundisha." Mzee hakuachia. Alikuwa akitikisa kichwa, mate yakimtoka, akiuvuta mkono ule kama anayetaka kuung'oa. Ile hasira ya zamani ikampanda Somoe. "Nami niache niishi, baba!" Akavibandua vidole vya mzee kimoja kimoja, kama alivyofundishwa na dresa, akatoka nje bila kugeuka.

Huko Keko nyumba ya Jabiri ilinukia mbao mpya. Somoe alipika chakula chake cha kwanza kwa furaha aliyokuwa ameisahau: wali wa nazi, mchuzi wa changu, mchicha. Vyungu vitatu, akajichekea. Aliandaa mkekani, wakaketi wawili. Jabiri alikula tonge la kwanza kwa taabu kwa sababu ya mkono wake uliofungwa kitambaa, akatafuna, akasita. Alikuwa mtu wa adabu.

"Kitamu sana, mke wangu. Ila hakijakolea. Nipe hiyo chumvi."

Kopo la chumvi lilikuwa kando ya goti la Somoe, upande wa kulia. Akaunyoosha mkono. Mkono haukunyooka. Ulikuwa mapajani mwake, umekunjwa, una joto, na alipouamuru tena, vidole viligonga goti lake mara tatu, taratibu, vikatulia.

Jabiri alikuwa akisubiri, ametabasamu. Somoe alipitisha mkono wa kushoto mbele ya tumbo lake, akaliokota kopo, akampa.

Jabiri akalitazama kopo, akautazama mkono uliompa. Ilikuwa siku yao ya kwanza ya kula pamoja, na mwanamke aliyelelewa vizuri anampa mumewe chakula kwa mkono wa kushoto.

"Mke wangu," aliuliza kwa upole, "nimekukosea nini?"

Somoe alitaka kumwambia hapana, alitaka kumwambia ampeleke upesi kwa Bi Mwanaasha. Lakini upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa umekwishaanza kumjibu.